Alipanda Mwenyewe

Sentensi ya kwanza ambayo niliwahi kulipwa kuiandika ilikuwa na maneno manane. "Mfanyakazi alipanda trekta mwenyewe bila ruhusa, akateleza, akaanguka." Niliiandika Novemba 2013, kwa biro ya buluu, kwenye rejista ya ajali ya shamba moja la kahawa kati ya Ruiru na Juja. Kabla ya siku hiyo kazi yangu ilikuwa nambari tu: debe ngapi, za nani, kutoka bloki gani. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza fomu foo, nangoja kuitwa chuo, na mamangu alikuwa anajuana na karani mkuu. Hizo ndizo zilikuwa sifa zangu zote za kazi.

Ile sentensi sikuitunga mimi. Nyapara alisimama nyuma yangu, gambuti bado zina matope, akaniambia neno kwa neno kama mwalimu wa imla. Nilipoinua kichwa akauliza, "Kwani kuna uwongo wowote hapo?" Nikasoma tena. Hakukuwa na uwongo. Kijana alipanda. Hakuna aliyemsukuma. Ruhusa hakuwa nayo. Aliteleza, akaanguka, na gurudumu la trela likapita juu ya mguu wake wa kulia, chini kidogo ya goti. Kila neno lilikuwa kweli, na nilijua, hata na ule utoto wangu, kwamba nimeandika uwongo.

Nimekaa na hiyo rejista kichwani zaidi ya miaka kumi sasa. Inawezekanaje maneno manane yawe kweli, moja moja, halafu yakipangwa pamoja yawe uwongo? Sitaki jibu la kishairi. Nataka kujua uwongo wenyewe uko wapi hasa, uko kwenye neno gani.

Ngoja kwanza nieleze kazi ilivyokuwa, kwa sababu wengi wetu tunaishi juu ya mashamba haya bila kujua yaliendeshwaje. Ukiwa Ruiru leo na unapanga nyumba kwenye ghorofa yenye jina zuri, kuna uwezekano mkubwa hapo chini palikuwa na mibuni. Aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ilipata jina kutoka kwa kituo cha utafiti kilicho hapa hapa mjini. Wachumaji huja asubuhi, wanapewa mistari, wanachuma mpaka alasiri, wanalipwa kwa debe. Halafu kuna jambo moja ambalo huamua kila kitu kingine: kahawa iliyochumwa leo inafaa imenywe maganda leo. Ikilala inaanza kuchacha, na bei inashuka. Kwa hivyo kuanzia saa tisa shamba zima linakimbizana na jua.

Sasa, katikati ya hiyo mbio kuna vijana wa kupakia. Pale kwetu walikuwa wawili. Kazi yao ilikuwa kurusha magunia kwenye trela huko bloki ya mwisho, karibu na mto, halafu kuyashusha kiwandani. Kati ya bloki ya mto na kiwanda palikuwa na kama kilomita tatu, barabara ya udongo mwekundu, na huo mwezi mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku. Trekta ilikuwa Massey Ferguson ya zamani. Kila mtu aliyewahi kuangalia trekta anajua ina kiti kimoja. Kiti kimoja, cha chuma, cha dereva. Na kwenye mlango wa kiwanda palikuwa na kibao kilichopakwa rangi nyekundu: NI MARUFUKU KUPANDA TREKTA.

Hebu fanya hiyo hesabu. Kijana anapakia gunia la mwisho bloki ya mto. Trekta inaondoka. Trekta ikifika kiwandani anatakiwa awe pale kushusha, kwa sababu mashine inangoja, na trela inangojwa irudi kuchukua mzigo mwingine. Kiti ni kimoja. Kupanda ni marufuku. Kutembea kilomita tatu kwenye matope ni kama nusu saa, ukiwa na nguvu, na yeye ametoka kubeba magunia. Kwa hivyo kazi ilimtaka awe mahali pawili kwa wakati mmoja, na kibao kikamkataza njia pekee ya kufika. Kila jioni, siku sita kwa wiki, vijana hao wawili walifika kiwandani mmoja amekaa juu ya madigadi, mwingine amesimama kwenye kile chuma kinachounganisha trekta na trela. Nyapara aliwaona. Karani mkuu aliwaona. Meneja, ambaye ofisi yake ilikuwa na dirisha linaloangalia hiyo hiyo barabara, aliwaona. Mimi niliwaona na nikawapungia mkono.

Hakuna siku hata moja mtu alisema shuka.

Ndiyo maana ninasema kile kibao hakikuwa katazo. Katazo ni neno unalolitoa ukitaka kitu kisifanyike. Hawa walitaka kitu kifanyike, kila siku, haraka, na pia walitaka siku kikiharibika kiwe kilifanywa na mtu mwingine. Kibao kilikuwa kinamngoja huyo kijana aanguke. Siku aliyoanguka, ndiyo siku kilifanya kazi yake kwa mara ya kwanza.

*

Kiswahili kina njia yake ya kutusaidia kukwepa haya mambo. Neno lenyewe, ajali, tulilipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, siku ya mtu ya kufa iliyokwisha kuandikwa. Wazee wa pwani bado wanaweza kusema ajali ya fulani imefika wakimaanisha kifo chake, hata kama amekufa kitandani na watoto wamemzunguka. Sisi wa bara tumelichukua kwa matatu iliyobingirika na mkono ulionaswa na mashine, lakini lile vumbi la zamani halijatoka. Ukisema "ni ajali" unasema pia, chini chini, kwamba ilikuwa imepangwa, na si na mtu. Halafu tunaongeza: ajali haina kinga.

Simlaumu mtu anayeisema hiyo methali kando ya kaburi. Pale inafaa. Inamwondolea mama wa marehemu lile swali la "laiti ningemzuia asiende." Lakini nimeisikia pia ikisemwa na watu ambao kazi yao ni kununua kinga. Hapo inanikwaza. Niliisikia jioni ile kwenye ofisi, mlango umefungwa, kijana tayari yuko kwenye pikapu akipelekwa hospitali, na mtu anasema "aah, ajali haina kinga," huku mwingine anasema andika alipanda mwenyewe. Ona hizo sentensi mbili zikikaa pamoja. Ya kwanza inasema hakuna aliyefanya. Ya pili inasema alifanya yeye. Haziwezi kuwa kweli zote mbili, na hakuna mtu chumbani aliyeona tatizo, mimi nikiwemo, kwa sababu zote mbili zilitutoa sisi kwenye hadithi.

*

Hii hoja ya "alipanda mwenyewe" haikuanzia Ruiru. Mwaka wa 1837, London, mahakama iliamua kesi ya kijana aliyeitwa Priestley, aliyefanya kazi kwa mchinja nyama aliyeitwa Fowler. Alitumwa apeleke mzigo kwa gari la kukokotwa. Gari lilikuwa limejazwa kupita kiasi, likavunjika njiani, naye akavunjika paja. Wazee wa baraza waliosikiliza kesi mwanzoni walimpa pauni 100. Mwajiri akapinga, na Jaji mkuu wa mahakama ile, Lord Abinger, akamfutia kijana zile pesa. Moja ya hoja zake ilikuwa hii: mtumishi halazimishwi kuhatarisha mwili wake kwa ajili ya bwana, akiona kazi ina hatari, anaweza kukataa. Tena, mtumishi aliye pale kwenye gari anajua hali yake vizuri, pengine kuliko bwana mwenyewe. Alikuwa na hofu pia kwamba akimruhusu huyu, kesho mtumishi mwingine atamshtaki bwana kwa sababu kijakazi amemtandikia kitanda chenye unyevu. Sijatunga hiyo ya kitanda, iko kwenye hukumu.

Kutoka hukumu kama hiyo walikuja wanasheria wa karne nzima wakisema mshahara umeshalipia hatari. Ulijua, ukakubali, nyamaza.

Ninaiheshimu kidogo hoja ya Lord Abinger, na nitasema kwa nini. Inamchukulia mfanyakazi kama mtu mzima. Inasema ana macho, ana akili, ana miguu ya kuondokea. Mimi sitaki falsafa inayomgeuza kijana wa kupakia kuwa gunia lingine kwenye trela, kitu kilichorushwa tu. Na lazima niseme kweli: hao vijana walikuwa na sifa. Yule aliyesimama kwenye chuma alikuwa na mtindo wa kuruka chini kabla trekta haijasimama, anatua na mguu mmoja, wasichana wa kuchuma wanacheka. Manze, hata mimi nilijaribu mara moja nikaanguka kwa makalio. Kwa hivyo ukiniambia mtu huwa anachangia masaibu yake, sikatai.

Lakini "anaweza kukataa" ni maneno yanayohitaji kupimwa mahali yanapotumika. Sheria ya Kenya yenyewe imejaribu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na inasema aliyeondoka mahali pa kazi kwa sababu za msingi za kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu, asifutwe wala kuadhibiwa. Ni kifungu kizuri. Ningekuwa mbunge ningekipigia kura. Sasa kichukue ukakisome kwenye geti la shamba saa kumi na mbili asubuhi, ambapo watu 40 wamesimama kwenye baridi na nyapara anataka 10. Kibarua hafutwi kazi. Hiyo ndiyo maana ya kibarua. Kesho tu hatachaguliwa, na hakuna barua, hakuna sababu, hakuna kitu cha kupeleka kwa mtu yeyote. Jicho la nyapara linapita juu ya kichwa chake na kutua kwa jirani. Sheria inamlinda asisukumwe nje ya nyumba ambayo hajawahi kuingizwa.

Kwa hivyo alichagua, ndiyo. Ila alichagua kati ya madigadi na kutoitwa kesho. Aliyepanga hizo mbili ziwe ndizo pekee mezani alikuwa amechagua kabla yake, akiwa amekaa, akiwa na chai. Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutonunua kitu cha kubebea watu. Wa pili ulikuwa wa kuweka vijana wawili badala ya wanne, wawili bloki, wawili kiwandani. Sentensi yangu ya rejista ilianza hadithi kwenye uamuzi wa tatu, na ikaita huo wa kwanza. Nafikiri hapo ndipo uwongo ulipo. Hauko kwenye neno lolote. Uko mahali sentensi inapoanzia.

Ukishaliona hili shambani utaliona mjini pia. Kuna yule mtu wa boda anayekuletea chakula Kamakis usiku wa mvua. Masharti ya kazi yake yanasema aendeshe polepole, na saa iliyo kwenye simu yake inasema una dakika 12. Akigongwa tutasema alikuwa anakimbia. Alikuwa anakimbia, ni kweli. Na mimi ndiye niliyefungua simu mara tatu kuangalia amefika wapi.

*

Kuna mtu mmoja simtaji kwenye ile sentensi, na yeye ndiye aliyenifundisha zaidi.

Mzee wa trekta alikuwa ameendesha hiyo mashine tangu kabla sijazaliwa. Jioni ile hakuona kitu; alisikia mlio, akahisi trela imepanda na kushuka, kidogo tu, kama imepita juu ya jiwe. Yeye ndiye aliyemtoa kijana chini ya trela. Wiki iliyofuata akaanza tabia mpya. Kabla ya kuwasha injini alizunguka trekta na trela yote, polepole, anainama, anaangalia chini, halafu anaita kwa sauti kubwa, "Nani yuko?" Hata kama hakuna mtu. Hata asubuhi, trekta imelala peke yake chini ya banda. Watu walianza kumcheka.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, kwenye maandishi yake ya 1976 kuhusu bahati na maadili, alitumia mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake lolote. Williams alisema huyo dereva atajisikia tofauti na mtu aliyekuwa anatazama tu, na anafaa ajisikie tofauti. Tutamfariji, tutamwambia si kosa lako, lakini akitufariji sisi haraka sana, akisema "kweli, si kosa langu, nipitishie chumvi," tutamshangaa. Kuna majuto ambayo ni ya mkono uliofanya, hata kama mkono haukukosa.

Nilipoisoma hiyo chuoni nilimwona mzee na "nani yuko" yake. Lakini kuna kitu Williams hakukigusa kwenye mfano wake. Kwenye barabara ya Williams kuna dereva, kuna mtoto, kuna watazamaji. Hakuna mwenye lori. Hakuna aliyepanga ratiba. Kwenye shamba letu watu walioweza kubadilisha hali ndio waliobahatika kuwa watazamaji. Meneja alihuzunika, sikatai, nilimwona; alihuzunika kama mtu aliyesoma habari mbaya gazetini. Yale majuto mazito, yale ya kuzunguka trekta gizani, yalimwangukia mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kuongeza hata kiti kimoja. Tunazungumza sana jinsi mali inavyogawanywa vibaya nchi hii. Majuto nayo yanagawanywa, na yanafuata njia ile ile, kwa upande mwingine.

Siku moja wakati wa kupima aliniita pembeni.

"Karani, kwenye kile kitabu uliandika nini kunihusu?"

"Sikuandika kitu kukuhusu, mzee."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Nilidhani atafurahi. Aliangalia mzani kwa muda. "Basi hiyo uliandika ni ajali nyingine, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa kwa hii."

*

Wasomaji wanaojua sheria watakuwa wanauliza kwa nini ninasumbuka na nani alikosa, wakati Kenya iliamua kutouliza hilo swali. Ni kweli. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo watu wengi wanaiita WIBA tu, ilichukua mahali pa ile ya zamani, Sura ya 236, na msingi wake ni kwamba aliyeumia kazini alipwe bila kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku saba tangu kupata habari. Ulemavu wa kudumu unahesabiwa kwa mishahara ya miezi 96. Kwa upande mwingine wa mizani, kifungu cha 16 kinakufungia mlango wa kumshtaki mwajiri kwa njia ya kawaida. Mawakili walipinga sana. Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu kadhaa mwaka wa 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi mwaka wa 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Upeo ikakubaliana na Rufaa.

Ni biashara ya haki, ukiifikiria: toa swali lako la nani alikosa, upewe pesa za uhakika. Mtu mwenye mguu uliopondwa na watoto wawili nyumbani atachukua pesa, na mimi ningemwambia achukue. Kesi za zamani zilikuwa zinakaa miaka, na ile sentensi yangu ingesomwa mahakamani kumkata sehemu ya fidia. Chini ya WIBA maneno "alipanda mwenyewe" hayafai kuwa na nguvu hiyo.

Lakini angalia hesabu. Kibarua wa shilingi 15,000 kwa mwezi, mara 96, ni 1,440,000. Daktari akisema ulemavu ni asilimia 20, anapata 288,000. Meneja wa shilingi 150,000, mguu ule ule, asilimia ile ile, ni 2,880,000, kabla ya viwango vya chini na vya juu ambavyo waziri anaruhusiwa kuweka. Ninaelewa sababu: sheria inafidia kipato kilichopotea, haiuzi nyama. Hata hivyo mtu anayeishi kwa kubeba magunia amepoteza kitu chote anachokodisha duniani, na anayeishi kwa kukaa ofisini amepoteza kutembea. Ukiniuliza ni mguu wa nani uliokuwa na kazi zaidi, sitasita.

Na kuna kitu pesa haziwezi kukibeba hata zikiwa nyingi. Yule kijana alilipiwa hospitali, akapewa kitu kidogo cha kushikwa mkono, akarudi kwao upande wa Kitui. Kabla hajaondoka alikuja shambani na magongo kuchukua nguo zake. Watu walimsalimia vizuri. Halafu nikasikia mama mmoja wa kuchuma, mama mwenye huruma tu, akimwambia, "Pole sana, lakini pia wewe, si walikuwa wamewakataza?" Akatikisa kichwa kukubali. Alikubali! Hiyo sentensi niliyoiandika ilikuwa imetoka kwenye rejista, ikapita kwenye mistari ya kahawa, ikamfikia mwenyewe, naye akaivaa. Hakuna mahakama iliyomwambia alikosa. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Alienda nyumbani akijua mguu wake ni kosa lake, na sheria isiyouliza nani alikosa haina chumba cha kumrudishia jibu tofauti.

Kwa hiyo sidhani tulifuta swali la lawama. Tuliliondoa kwenye karatasi tu. Huku chini linaendelea kujibiwa kila siku, na anayejibu ni mwenye biro.

*

Sweden mwaka wa 1959 iliamuru kwamba kila trekta mpya inayouzwa iwe na fremu ya chuma juu ya dereva, ili ikibingirika isimponde. Wangeweza kuendelea kuwaambia madereva wawe waangalifu kwenye miteremko. Walikuwa wameambiwa miaka yote. Waliamua kuongeza chuma. Vifo vya kupondwa na trekta vikashuka mwaka baada ya mwaka mpaka vikawa jambo la nadra. Madereva wa Sweden hawakupata akili mpya. Kilichoongezeka ni kinga, kile kitu ambacho methali yetu inasema hakipo, na ukienda kwa fundi yeyote wa jua kali pale Thika atakuuliza tu unataka bomba la unene gani.

Nilijua hilo kabla ya kusikia habari za Sweden. Wiki mbili baada ya ajali, Jumanne, meneja alimwita fundi wa shamba na kumwonyesha trela. Fundi akaenda nyuma ya karakana ambapo palikuwa na mabomba ya zamani ya maji, yale ya kunyunyizia, yaliyokuwa yamelala kwenye nyasi tangu nifike. Akayakata. Akachomelea benchi ya watu wawili mbele ya trela, ukingo wa kushika pande tatu, na ngazi ndogo ya kupandia. Hakuna kitu kilichonunuliwa isipokuwa vijiti vya kuchomelea. Alianza baada ya chakula cha mchana.

Nilikuwa kwenye mzani, niliona yote. Alimaliza kabla ya chai ya saa kumi, na trekta ikaenda bloki ya mto kuchukua mzigo wa jioni, vijana wawili wamekaa, mmoja wao mgeni. Mzee alizunguka kwanza, akaita. Rejista ilikuwa pale mezani kwangu, na nilitafuta mahali pa kuandika kuhusu ile benchi. Kulikuwa na safu ya tarehe, jina, jeraha, chanzo, shahidi, sahihi ya nyapara.